Mbu Hazoei Dawa: Usugu Unavyorithiwa

Ndugu zangu, swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: mbu wamezoeaje dawa? Hawajazoea. Mbu hawezi kuzoea sumu inayomuua. Tangu mwanzo walikuwapo wachache waliozaliwa na jeni tofauti kidogo. Dawa ikamaliza wenzao, wao wakabaki kuzaana.

Tofauti yenyewe ni ndogo mno. Piretroidi, dawa zinazotiwa kwenye vyandarua, huzuia milango ya sodiamu kwenye neva za mbu isifunge. Neva hupiga mfululizo, mbu akapooza, akafa. Mlango huo ni protini iliyojengwa kwa vipande vidogo viitwavyo asidi amino, zaidi ya 2,000. Katika nafasi iitwayo 1014, asidi amino moja, leusini, ikibadilishwa na nyingine, fenilalanini au serini, dawa haishiki tena sawasawa. DDT, dawa nyingine ya kuua wadudu, nayo hulenga mlango huohuo, kwa hiyo mbu aliyeikwepa kwa njia hii huikuta piretroidi akiwa tayari ana kinga.

Lakini kwangu mimi, kinachotisha zaidi ni vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha kazi za kikemikali mwilini. Katika Anopheles funestus, aina ya mbu anayeeneza malaria, kuna jeni mbili, CYP6P9a na CYP6P9b, ambazo kwa mbu sugu hufanya kazi kupita kiasi. Vimeng'enya vinavyotokana nazo huivunjavunja piretroidi kabla haijafika kwenye neva. Ndiyo sababu vyandarua vingine huongezewa PBO, kemikali inayovifunga mikono vimeng'enya hivyo.

Halafu ipo klorfenapiri, dawa nyingine ya vyandarua, na hapa naomba mnisikilize kwa makini. Dawa hii ikiingia mwilini mwa mbu bado haijawa sumu kali. Ni vimeng'enya vya jamii hiyohiyo vinavyoigeuza kuwa sumu, nayo hukata uzalishaji wa nishati ndani ya seli. Silaha ya mbu inamgeukia mwenyewe! Katika utafiti uliofanyika Misungwi, Tanzania, na kuchapishwa mwaka 2022, vyandarua vyenye piretroidi pamoja na klorfenapiri vilipunguza malaria kwa watoto kwa asilimia 44 katika miaka miwili, vikilinganishwa na vya piretroidi pekee. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani likavipendekeza.

Nimefurahi sana, ila sijatulia. Mbu ambaye vimeng'enya vyake haviigeuzi klorfenapiri vizuri anaweza kuokoka, na watoto wake wakarithi. Ndiyo maana nasisitiza mbu wakusanywe na jeni zao zipimwe sasa, wakati vyandarua hivi bado vinaua.