Nyuzi na begi la besi: pima, kunja, ndipo ukate

Haya, karibuni tena wapenzi wa besi. Mezani nina gita la besi la nyuzi nne, paketi za nyuzi mpya, plaizi na futi ya fundi cherehani. Nyuma yangu mnaliona begi, na lile jeusi pembeni ni kasha gumu. Tuanze na nyuzi.

Soma paketi. Ngoja nisogeze kwenye kamera... 45, 65, 85, 105. Huo ni unene wa kila uzi kwa elfu za inchi, kuanzia uzi wa G, ule mwembamba, hadi uzi wa E, ule mnene, na ndiyo seti utakayoikuta kwenye besi nyingi. Ipo ya 40 hadi 100, nyepesi. Ukipiga ibada ndefu au mkesha, vidole vitakushukuru. Ukihama kutoka nyepesi kwenda nzito mvutano unaongezeka, shingo inavutwa mbele na nyuzi zinainuka juu ya freti, vile vijiti vya chuma shingoni. Hapo utakaza nondo ya ndani ya shingo, robo mzunguko tu, kisha upime tena.

Sasa, raundi au flati? Pitisha ukucha hapa. Sikia hiyo: krrr. Hii ni raundi, imezungushiwa waya wa duara, sauti yake inang'aa na inapenya. Sebene linaitaka hii, na kwaya zenye kinanda na ngoma nyingi pia. Flati imezungushiwa waya bapa, ukucha unateleza kimya, na sauti inakuwa nene, ya mviringo. Ukipiga zilipendwa au taarab, jaribu flati, utakaribia ule mlio wa besi kubwa la kusimama. James Jamerson, aliyepiga besi kwenye rekodi za Motown kule Detroit miaka ya 1960, alikuwa mtu wa flati, na hakuwa na haraka ya kuzibadilisha. Mimi nyumbani napenda flati. Jukwaani nafunga raundi.

Kwa wenzangu wa Dar, Tanga na Zanzibar: jasho na hewa ya chumvi vinakula nyuzi. Za chuma cha pua zinastahimili kutu vizuri, ila ni ngumu, zinachimba freti mapema kuliko za nikeli. Chochote utakachonunua, futa kila uzi kwa kitambaa kikavu ukimaliza kupiga, juu na chini.

Kabla hujalipa, pima besi yako. Kutoka kidaraja cha juu, pale shingo inapokutana na kichwa, hadi daraja la chini: yangu ni inchi 34, karibu sentimita 86. Huo ndio urefu wa kawaida. Besi fupi ni inchi 30. Paketi huandikwa ni za urefu gani, usibahatishe.

Nafunga E. Napitisha kutoka mgongoni mwa besi, inatokea mbele, navuta hadi kichwani... Simama. Simama, tazameni hapa, nawasogezea. Mnaona hariri nyekundu mwishoni mwa uzi? Imelala juu ya kidaraja cha juu. Haitakiwi iwe hapo! Hariri ianze baada ya kidaraja, upande wa funguo za kukazia nyuzi. Paketi ni ya urefu sahihi, lakini kupitisha uzi kwenye unene wa mbao kumekula sentimita kadhaa. Daraja hili lina njia mbili, kwa hiyo nautoa, naupitishia kwenye tundu la nyuma ya daraja lenyewe. Navuta tena. Sasa hariri imevuka. Vizuri. Na uzi bado mzima, kwa sababu hatujakata.

Sasa sikilizeni sana. Plaizi ibaki mezani. Vuta uzi unyooke, upite funguo yake kwa sentimita kumi hadi kumi na mbili. Hapo ukunje. Kunja kona kabisa, kama herufi L. Kunja kwanza! Uzi wa besi una waya wa katikati na waya mwingine uliouzunguka. Ukikata uzi ulionyooka, ule wa nje unaweza kuteleza na kulegea, na uzi mpya kabisa ukalia kama umekufa. Hakuna dawa, na nyuzi za besi si bei ya karanga. Umekunja? Angalia tena kama umekunja. Haya, kata sentimita moja na nusu mbele ya kona, upande wa ncha ya uzi, siyo nyuma yake.

Ncha iingie kwenye tundu la katikati ya nguzo ya funguo. Zungusha, kila mzunguko ukae chini ya uliotangulia, mitatu inatosha. Zinazobaki, A, D, G, ni hivyo hivyo, nazipitisha haraka. Na kabla ya kukata? Kunja.

Tyuni, uvute kila uzi kidogo kwa vidole, utyuni tena. Tayari.

Begi. Mimi nauza mabegi, nashonesha kwa fundi, kwa hiyo lichunguze hata hili langu. Bana ukuta wake kwa kidole gumba na cha shahada. Ukihisi vidole vyako vinakutana, rudisha. Hili lina sponji ya milimita 20. Sasa chini: pale kuna ile pini ya mkanda kitakoni mwa besi, na begi likitua sakafuni uzito wote unakaa juu ya pini hiyo, inatoboa. Hapa tumeshona kipande cha tyubu ya lori. Ndani, shingo inalazwa kwenye mto na kufungwa mkanda, kichwa kinaelea. Kikigusa ukuta, pigo lolote linaenda moja kwa moja kwenye shingo.

Ukipanda bodaboda na daladala, chukua begi, ila kumbuka kichwa cha besi kinazidi chako, inama mlangoni. Kasha gumu ni la bendi inayopakia vyombo kwenye lori, spika juu ya spika. Ni zito, na mgongoni halikai. Masika, ukifika nyumbani, fungua zipu, toa besi, acha begi likauke kabisa.

Ukitaka nikushonee, nitumie vipimo vitatu: urefu wa besi yote kutoka kichwani hadi kwenye pini, upana wa kiwiliwili pale kinapopanuka zaidi, na unene wake. Besi ya Thunderbird, ile ya Gibson yenye umbo la pekee, na zenye umbo kama lake, tuma na picha, maana haziingii kwenye begi la kawaida.