Pumba Tunawapa Nguruwe, Sembe Tunakula Wenyewe

Mhadhara kwa wafanyabiashara wa soko na wakazi wa jirani, Mwanjelwa, Mbeya

Shikamooni wazee wangu. Wa Rungwe na Kyela, mugonile. Wa Iringa na Njombe mliohamia huku, kamwene. Vijana, habari za kazi. Najua kufunga meza saa tisa alasiri ni kupoteza wateja, kwa hiyo naingia kwenye jambo lenyewe.

Katika kazi hii ya lishe, malalamiko ninayoyasikia kuliko yote ni ya tumbo. "Linajaa gesi." "Naungulia." "Nina vidonda." Na wengi wanapofika kwangu wameshajitibu: wamepita duka la dawa, wamemeza omeprazoli ya kupunguza asidi tumboni, wamekunywa mizizi ya kusafisha tumbo, na hawajapona. Nikiuliza, mama, unapata choo mara ngapi kwa wiki? Kimya. Tumelelewa kuona aibu kulitaja jambo hilo mbele za watu, na ni malezi mema, lakini leo naomba ruhusa ya wazee tulitaje. Mtu mzima mwenye afya anaweza kwenda haja kubwa mara tatu kwa siku, au mara tatu kwa wiki. Vyote ni kawaida, ilimradi choo ni laini na hakuna kujikamua. Chini ya hapo, tena kigumu cha vipande vipande, tumbo litajaa, litauma, na utadhani ni vidonda.

Sasa twende mashineni, maana ndiko shida inakoanzia.

Unabeba debe lako la mahindi. Unalipa kukoboa, halafu unalipa kusaga. Kwenye kukoboa zinatoka pumba, na ndani ya pumba hizo limo ganda lenye makapimlo, yaani nyuzinyuzi za chakula, na kimo kiini chenye mafuta mazuri na vitamini. Pumba unamwachia mwenye mashine, au unazipeleka nyumbani kwa nguruwe na kuku. Nguruwe ananawiri. Wewe unarudi na unga mweupe pee ambao ni wanga karibu mtupu. Baada ya miezi kadhaa unapita duka la dawa kununua ya kulainisha choo. Hapo umelipa mara tatu kwa mahindi yaleyale uliyoyalima mwenyewe.

Gramu 100 za dona, yaani unga wa mahindi yasiyokobolewa, zina karibu gramu 7 za makapimlo. Sembe iliyokobolewa sana inabaki na nusu ya hizo au pungufu. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate angalau gramu 25 kwa siku.

Najua kwa nini dona haipendwi. Tuliila shuleni bweni, vijana waliila Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), ikabaki kichwani kwamba ni chakula cha shida, na mgeni akija lazima aone ugali mweupe. Mimi nasema tabia hiyo inatuumiza. Hata hivyo, wanaoilalamikia dona wana hoja moja ya kweli: dona inabeba kila kitu kilichokuwa kwenye punje. Mahindi yakiwa na ukungu, sumu ya ukungu inasagwa humo humo. Yakiwa yamepakwa dawa ya kuhifadhia, nayo imo. Kwa hiyo mahindi ya dona yakaushwe vizuri kabla ya kuwekwa ghalani, punje zilizooza na zilizobadilika rangi zichambuliwe na kutupwa, na si kupewa kuku. Mifuko isiyopitisha hewa inahifadhi bila dawa, itumieni. Na sageni kidogo kidogo, kwa sababu yale mafuta ya kiini huufanya unga wa dona uharibike mapema kuliko sembe.

Kulikuwa na daktari wa upasuaji kutoka Ireland, Denis Burkitt, aliyefanya kazi Hospitali ya Mulago, Kampala, miaka mingi. Aliona kwamba magonjwa ya utumbo yaliyojaza hospitali za Uingereza, bawasiri, kidole tumbo, saratani ya utumbo mpana, hakuyakuta kwa wingi huo kwa wanakijiji wa Uganda. Yeye na wenzake wakawapa watu wameze vipande vidogo vinavyoonekana kwenye eksirei, wakahesabu saa mpaka vitoke. Matokeo waliyachapisha mwaka 1972. Kwa wanakijiji wa Uganda chakula kilipita kwa saa 36 hivi, na choo cha siku kilikuwa na uzito wa gramu 470. Kwa mabaharia wa Uingereza na wake zao, kilichukua zaidi ya saa 80, na uzito ulikuwa gramu 104. Tofauti kubwa ilikuwa sahani. Utumbo mpana kazi yake mojawapo ni kufyonza maji. Choo kikikaa humo siku tatu nne kinakauka. Makapimlo yanashika maji na kukisukuma kitoke kingali laini.

Ninachokihofia ni hiki: hapa mjini sasa tunakula kama wale mabaharia. Chai ya sukari na maandazi asubuhi, chipsi mayai mchana, wali au sembe jioni, na soda katikati.

Na si choo peke yake. Ndani ya utumbo mpana wamo bakteria wasiohesabika, na wengi wao ni wema. Makapimlo sisi hatuwezi kuyameng'enya, wao wanaweza, na wakiyala wanatengeneza asidi zinazolisha ukuta wa utumbo na kutuliza mwili. Mwaka 2025 yalitoka matokeo ya utafiti uliofanyika Kilimanjaro kwa wanaume 77 wenye afya. Waliozoea chakula cha kijijini walipewa cha kizungu kwa wiki mbili, wa mjini wakapewa cha asili, na kundi jingine likanywa mbege, pombe ya ndizi, kwa wiki moja. Wiki mbili tu! Waliohamia chakula cha kizungu, damu yao ilionyesha dalili zile zinazotangulia kisukari na magonjwa ya moyo. Waliorudi kwenye vyakula vya asili, mambo yao yakatengemaa, na sehemu ya nafuu hiyo ilionekana hata wiki nne baadaye. Mbege ni pombe, siwatumi mkanywe pombe. Lakini togwa tunayo. Uji wa mahindi na kimea cha ulezi, ukichacha siku moja, bado ni togwa, si pombe. Mwishoni mwa miaka ya 1990 watafiti walionyesha hapahapa Tanzania kwamba watoto waliokunywa uji uliochachushwa hivyo walikuwa na vijidudu vichache vya kuharisha. Na mtindi, ambao Rungwe inatuletea kila siku, tumbo la mtu mzima hulipokea vizuri kuliko maziwa ya kuchemsha.

Maharage. Naona kina mama wanacheka, wanajua gesi. Loweka usiku kucha, mwaga maji yale, pika kwa maji mapya. Sehemu ya sukari inayoleta gesi inaondoka na maji, na mkaa unapungua. Kama hukuzoea, anza na vijiko viwili vya upawa, ongeza wiki hadi wiki. Kikombe kimoja cha maharage yaliyoiva kina gramu 11 za makapimlo au zaidi. Kande ni chakula bora kwa afya ya tumbo, msikiache kwa sababu ni cha vijijini. Parachichi moja la wastani lina gramu 9 au 10, na Mbeya tunayauza nje huku watoto wetu wakinunuliwa biskuti. Mapera, mnafu, majani ya maboga, yote yako mita chache kutoka hapa nilipo.

Ukiongeza makapimlo bila maji, umejifunga zaidi. Mwezi wa sita na wa saba hapa kwetu baridi inafanya mtu asisikie kiu kutwa nzima. Maji ya uvuguvugu yanafaa vilevile. Angalia mkojo: ukiwa wa njano iliyokolea, hujanywa ya kutosha.

Hapa niseme kitu kwa viongozi wa soko mlioketi mbele. Utumbo unaamka baada ya chakula, hasa asubuhi baada ya chai. Mama anayeuza nyanya amefika hapa alfajiri. Haja inamjia saa mbili, choo kina foleni, na hana wa kumwachia meza. Anabana. Anabana kesho na kesho kutwa. Utumbo unazoea, na ile ishara inafifia. Bodaboda ni hivyohivyo. Choo safi, chenye maji na milango inayofunga, ni tiba kuliko nusu ya dawa ninazoziona madukani. Nanyi kina mama, saidianeni kushika meza. Kwa wenye nyumba mpya zenye choo cha kukaa: kuchuchumaa kulikuwa kunanyoosha njia. Weka kigoda kifupi chini ya miguu, magoti yapande juu ya nyonga, utaona tofauti.

Sasa vidonda vyenyewe. Vipo, na ni kweli vinaua. Lakini havitokani na pilipili wala mawazo peke yake. Waaustralia wawili wa mji wa Perth, Robin Warren na Barry Marshall, walionyesha kwamba chanzo kikubwa ni bakteria aitwaye Helicobacter pylori. Madaktari hawakuwaamini, hadi Marshall mwaka 1984 akanywa bakteria hao mwenyewe na tumbo lake likaugua. Mwaka 2005 wakapewa Tuzo ya Nobel. Bakteria huyu hupimwa kwa choo, na hutibiwa kwa antibiotiki pamoja na dawa ya kupunguza asidi, kwa kawaida siku 14, bila kuruka. Ukimeza omeprazoli peke yake unatuliza maumivu, na bakteria anabaki.

Chanzo cha pili mnacho mfukoni. Msimu wa kulima, mgongo unauma, unanunua diklofenaki au ibuprofeni, unameza bila kula, siku baada ya siku. Dawa hizo zinachubua tumbo. Zisiwe chakula cha kila siku cha mkulima. Kwa kiungulia, ukishakula chakula cha jioni, ziache zipite saa mbili au tatu ndipo ulale, usijaze tumbo, inua upande wa kichwa wa kitanda, na tumbaku uiache.

Mawili mafupi. Chai ya moto sana: mwaka 2016 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walisema vinywaji vinavyozidi nyuzi 65 huenda vinasababisha saratani ya koo la chakula, na ukanda wetu huu wa Afrika Mashariki unaugua saratani hiyo kwa wingi. Baridi ipo, lakini acha kikombe kipoe kidogo. La pili ni kitimoto. Mbeya na Mbozi minyoo ya tegu wa nguruwe ipo. Nyama iive mpaka ndani, nguruwe wafungiwe bandani, na kila kaya itumie choo, kwa sababu mayai ya tegu yanayotoka kwa mtu ndiyo yanayokwenda kutengeneza vifuko kwenye ubongo na kuleta kifafa.

Yote niliyosema ni ya tumbo la kawaida. Ukiona damu kwenye choo, au choo cheusi kama lami, ukitapika damu, chakula kikikwama ukimeza, uzito ukipungua bila sababu, macho yakiwa njano, au choo kikibadilika ghafla umri ukiwa umesogea, usiongeze maharage. Nenda kituo cha afya siku hiyohiyo, na mweleze mganga kila ulichokunywa, mizizi ikiwemo.

Maswali sasa. Tuanze na mama pale nyuma. Kaka, mpelekee kipaza sauti.