Nyumba Huhamwa Mchana: Mhadhara wa Kujitayarisha na Kimbunga na Mvua za Masika

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Wazee wangu, mama zangu, vijana, na masheha mliovuka maji kutoka Kojani, Fundo na Kisiwa Panza, visiwa vyetu vidogo vya Pemba, ahsanteni kwa kuja.

Naanza na picha ambazo wengi mmeziona kwenye simu. Mkonga mweusi wa upepo unateremka kutoka mawinguni, na watu wa Marekani wanakimbilia chumba kilichochimbwa chini ya nyumba. Hiyo ndiyo tornado. Kule huzidi kati ya Aprili na Juni, mara nyingi upana wake ni mita mia chache tu, na ilani yake huja kwa dakika. Sisi tunayo chamchela, yule wa kuzungusha vumbi na majani uwanjani. Lakini kinachoweza kuezua kijiji kizima hapa ni kimbunga cha baharini, chenye upana wa mamia ya kilomita, kinachokuja na mvua yake na mawimbi yake.

Nimezitaja picha hizo kwa sababu mtu huona akaiga. Mwenzetu wa Marekani anashuka chini ya ardhi na anasalimika. Sisi tukishuka bondeni, au tukajificha ndani ya pango la maweni, maji yatatukuta huko huko. Tena yeye ana dakika tu za kukimbia, sisi tuna siku mbili tatu, na siku hizo ndizo tunazozipoteza kwa kungojeana.

Wapo wanaosema visiwa hivi havipigwi na vimbunga. Wana sehemu ya haki. Unguja iko nyuzi 6 kusini mwa ikweta na Pemba nyuzi 5, na karibu na ikweta mzunguko wa dunia haukisaidii kimbunga kujisokota. Vingi huishia Madagascar na Msumbiji. Hata hivyo, tarehe 15 Aprili 1872, wakati wa Sayyid Barghash, kimbunga kiliipiga Unguja kikalaza mikarafuu na minazi na kuvunja vyombo bandarini. Pemba ilisalimika kwa kiasi kikubwa, na tangu hapo karafuu ya Pemba ndiyo iliyotangulia. Aprili 1952 ikawa zamu ya Lindi. Aprili 2019 kimbunga kilichopewa jina la Kenneth alipita Komoro akaingia kaskazini ya Msumbiji, si mbali na Mtwara. Aprili 2021 Jobo aliikaribia pwani yetu akiwa amekwisha choka. Tarehe 4 Mei 2024 Hidaya aliingia Mafia, na boti za kati ya Unguja na Dar es Salaam zikasimama.

Tazameni miezi hiyo. Msimu wa vimbunga upande wetu wa bahari huhesabiwa kuanzia Novemba hadi Aprili, lakini Hidaya hakutazama kalenda. Na Aprili na Mei ndiyo masika yenyewe: ardhi imeshashiba maji, kuta za udongo zimelowa, mizizi ya miembe imelegea. Upepo ambao mwezi wa Januari ungeng'oa majani tu, masika huangusha mti mzima.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa ilani kwa ngazi tatu: angalizo kwa rangi ya njano, tahadhari kwa rangi ya machungwa, na tahadhari kubwa kwa nyekundu. Kila nyumba ikae leo, hali ya hewa ikiwa shwari, iamue ngazi gani inaifanya ihame. Nyumba ya mawe na saruji juu ya kilima inaweza isihame kabisa. Nyumba ya udongo, nyumba iliyo hatua chache kutoka maji makuu, na nyumba ya bondeni, ihame kwenye tahadhari, isingoje nyekundu. Wagonjwa, wazee, na mama mjamzito aliyekaribia siku zake waondoke mapema zaidi, kwenye angalizo, wakae karibu na hospitali. Kwa watu wa visiwa vidogo hesabu ni nyingine: mkondo hufungwa na mawimbi kabla upepo haujafika, kwa hiyo safari yenu ni siku moja kabla ya wengine.

Halafu amueni nani anasema "tuondoke". Hapa ndipo nyumba zetu nyingi hukwama. Baba yuko dago, kwenye kambi ya uvuvi ya mbali, simu haishiki, mama anaogopa kuhamisha watoto bila ya ruhusa, bibi anasema hakuhama maisha yake yote. Jua linatua, na usiku hakuna tena wa kuhama. Ruhusa itolewe sasa, mbele ya watu wote wa nyumba: aliyepo ndiye mwenye neno, na akishasema hakuna mjadala. Kama ni mama, ni mama. Kama mkubwa aliyepo ni kijana wa miaka 17, basi ni yeye. Na kuhama kumalizike kabla ya alasiri, kwa sababu gizani mtu haoni waya ulioanguka wala shimo lililojaa maji.

Kabla ya kuamua, tazameni pia mwezi. Wavuvi wanalijua hili kuliko mimi. Wakati wa bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti ya maji kujaa na kupwa hapa kwetu hufika kama mita 4, na wakati wa maji mafu haifiki nusu ya hiyo. Kimbunga husukuma bahari juu ya ufukwe. Kikifika maji mafu, au maji yakiwa yamekupwa, bahari ina nafasi ya kupanda. Kikikutana na maji kujaa ya bamvua, kwenye mwezi mwandamo au mwezi mpevu, hakuna nafasi iliyobaki. Ilani ikisema tarehe fulani, hesabuni mwezi utakuwa wa ngapi. Ngalawa na mashua zivutwe juu ya alama ya bamvua kubwa kabisa mnayoikumbuka, zifungwe mbele na nyuma, mlingoti ushushwe, na mashine itolewe ipelekwe nyumbani.

Kuhusu mapaa nitakaa kidogo, kwa kuwa mafundi wetu wengi huezeka kwa ajili ya mvua na kumsahau upepo. Mvua hulikandamiza bati, upepo hulinyanyua. Kasi ya upepo ikiongezeka mara mbili, nguvu yake huongezeka mara nne. Kwenye kilomita 118 kwa saa, ambapo dhoruba huanza kuitwa kimbunga kamili, nguvu ya upepo hukaribia uzito wa kilo 68 kwa kila mita ya mraba. Bati moja la futi 10 lina zaidi ya mita 2 za mraba, kwa hiyo linavutwa juu kama kwa uzito wa watu wawili wazima, na lenyewe halifiki kilo 10. Kinachobaki kulishika ni misumari.

Paa huanza kuondoka upenuni, kwenye pembe, na juu ya baraza, ambako upepo huingia chini na kusukuma kutoka pande mbili. Kwa hiyo pembezoni pigeni msumari wa bati kwenye kila mgongo wa bati, na katikati mgongo mmoja uachwe mmoja upigwe. Msumari upite kwenye mgongo, si kwenye bonde, kwani bondeni maji hupita na kutu huanza hapo. Ncha ikitokeza chini ya ubao, ikunjwe. Bati la geji 30 ni jembamba kuliko la geji 28, ingawa namba yake ni kubwa, na wauzaji wengine hufurahi mnunuzi asipolijua hilo. Bati jembamba huchanika kuzunguka kichwa cha msumari: msumari unabaki kwenye ubao, bati linakwenda zake.

Lakini hata bati lililopigwa vizuri huondoka pamoja na mbao zake kama mbao hazikufungwa. Mbao zilizolala zifungwe kwenye kenchi, yaani fremu za mbao zinazobeba paa, na kenchi zifungwe kwenye ukuta, kwa waya mnene uliozungushwa mara mbili na kukazwa, au kwa mkanda wa chuma uliopigwa misumari pande zote mbili. Anayejenga sasa aache vipande vya nondo vikitokeza kwenye mkanda wa zege juu ya ukuta ili kenchi zishikwe hapo. Anayeishi kwenye nyumba iliyokwisha jengwa apande ndani ya dari na waya na koleo. Ni kazi ya siku moja kwa nyumba ya vyumba vitatu. Mawe na matairi juu ya bati yashusheni. Hayalizuii paa kimbunga kikija, ila huwa ya kwanza kuruka. Baraza ikiwezekana iwe na paa lake peke yake, ili ikiondoka isiondoke na nyumba.

Paa la makuti halishindani na upepo, na usiku huo si mahali pa kulala. Madirisha yafungwe yote. Maneno kwamba ufungue dirisha la upande wa pili ili upepo upite yaacheni: ukishaingia ndani husukuma paa kutoka chini. Vioo vya kisasa vipigiwe plaiwudi kwa nje. Gundi ya karatasi iliyobandikwa msalaba haizuii kitu. Matawi ya mwembe yaliyoegemea paa yakatwe mapema, kabla ya masika, na madafu na nazi ziangushwe.

Mkoba wa kuhamia usiwe mkubwa kuliko unavyoweza kuubeba mtu mmoja na mtoto mgongoni. Kwanza karatasi: kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi, vyeti vya kuzaliwa, kadi za kliniki, hati ya kiwanja. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku, kwa hiyo tumieni ndoo ya rangi iliyooshwa, yenye kifuniko cha kubana. Haiingii maji na inaelea. Ndani yake tieni pia fedha taslimu za noti ndogo, kwa kuwa minara ikizimika fedha za kwenye simu hazitoki, dawa za sukari na presha za wiki 2, kurunzi, na redio ndogo na mawe yake, yaani betri. Chakula kiwe cha kutopikwa: tende, biskuti, boflo. Gunia la mchele bila ya moto mkavu halimlishi mtu. Mkaa nao utieni kwenye pipa lenye kifuniko.

Maji ndiyo yanayosahauliwa. Umeme ukikatika, pampu zinasimama, na mfereji unakauka mchana huo huo. Hesabuni lita 4 za kunywa na kupikia kwa mtu kwa siku, kwa siku 3. Nyumba ya watu 7 inahitaji lita 84, yaani madumu matano ya lita 20, mbali na ya kuoga na kutilia udhu. Jazeni kwenye angalizo, maana kwenye tahadhari foleni ya kisimani haina mwisho.

Kabla ya kuondoka zimeni swichi kubwa na fungeni mtungi wa gesi. Mbuzi na ng'ombe wafunguliwe kamba, wasifungiwe bandani. Mnyama hutafuta kilima mwenyewe. Mwambieni sheha au jirani mnakwenda wapi, skuli gani au kwa nani, ili asije mtu kuhatarisha roho yake akikutafuteni kwenye nyumba tupu.

Mtakaobaki kwenye nyumba imara, kaeni chumba cha ndani, mbali na madirisha. Upepo ukikatika ghafla na nyota zikaonekana, msitoke. Huenda ni jicho la kimbunga linapita, na upepo utarudi kwa nguvu kutoka upande mwingine kabisa, ukipiga ule ukuta uliokuwa umesalimika. Jiko la mkaa lisiwashwe ndani ya chumba kilichofungwa: hewa yake haina harufu, na wanaolala nayo hawaamki.

Baada ya mvua kuna hatari moja isiyotazamiwa. Ukuta wa udongo, na hata ukuta mkongwe wa mawe na chokaa, mara nyingi hauanguki mvuani. Huanguka baadaye, kukiwa na jua, watu wamesharudi na watoto wanacheza chini yake. Uzungukeni kwanza kwa nje. Mkiona ufa mpya au tumbo, pasilaliwe.

Kisima kilichoingiwa na maji ya juu kihesabuni kuwa kimeingiwa na choo, kwa kuwa mashimo ya vyoo nayo yamefurika. Maji yake yachemsheni mpaka yatokote sawasawa, au tieni vidonge vya kutibu maji kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti na mngoje nusu saa. Maji ya matope yachujwe kwanza kwa kitambaa safi, kwani kidonge hupoteza nguvu kwenye tope. Mtoto akianza kuharisha, lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazishwa juu, anyweshwe kidogo kidogo huku akipelekwa kituo cha afya.

Naona adhana imekaribia. Mafundi walioko hapa wabaki baada ya sala, nimekuja na waya na vipande vya mbao, tufungeni kenchi moja pamoja.