Fomu Isiyomjua Mkulima

Asante, mwenyekiti. Walionisikia mwaka jana kule Kabete wanivumilie: hadithi ya fomu za kuwahoji wafugaji kuhusu tabianchi naileta tena, kwa sababu fomu zenyewe hazijabadilika.

Nilikwenda Githunguri, huko Kiambu, kwa mama mmoja mwenye ng'ombe watatu. Swali la kwanza: "Je, umeona mabadiliko ya tabianchi?" Akasema, "Hapana, daktari." Nikatia alama: hana ufahamu. Mimi na digrii zangu! Halafu nikamwuliza mbona hori ni tupu saa saba mchana. Akanicheka. "Nikiwapa majani makavu saa hizi watahema tu. Nawapa jioni kukipoa. Mchana ni maji."

Mmemsikia? Ng'ombe akisaga nyasi ngumu, tumbo lake linatoa joto. Na Frishiani, ng'ombe huyu wa maziwa, ni mnyama wa baridi ya Ulaya. Hewa ikipita nyuzi 25 hivi anaanza kutaabika, anaacha kula, maziwa yanashuka. Tena maziwa karibu asilimia 87 ni maji, kwa hiyo lile pipa pale zizini si pambo. Mama alishapanda miti upande wa magharibi, linakoingilia jua la alasiri. Alishauza Frishiani mmoja akachukua chotara wa Jersey, mwili mdogo, mlo mdogo. Na fomu yangu inasema hana ufahamu.

Najua kuna wa kuniambia, "Lakini wafugaji hulalamikia bei ya chakula cha ng'ombe tu." Ndugu yangu, Kiambu tabianchi hubisha hodi kwa bei ya robota la nyasi! Mvua zilipokosekana misimu mitano mfululizo tangu mwisho wa 2020, Marsabit na Wajir mifugo ilikufa. Kiambu ng'ombe hakufa, ila mwenyewe alikata majani ya nepia yangali machanga, kisha akauza ndama. Ulitaka akutajie hewa ya kaboni?

Nilitaka kusema pia juu ya kupe na ndigana kali, ugonjwa wanaoueneza, na barabara zilizokatwa na mafuriko ya 2024 maziwa yakichachia mitungini. Mwenyekiti ananionyesha saa. Sileji basi, yaani majani mabichi yanayohifadhiwa bila hewa, neno moja: si lazima uchimbe shimo, mfuko mzito wa plastiki unatosha, mradi ushindilie hadi hewa itoke. Bima ya mifugo niulizeni wakati wa chai.

Na pale mlangoni nimeona fomu mpya za mradi. Swali la kwanza ni lile lile. Kwenye nakala yangu nimelifuta, kalamu mnazo.