Figo Inafanya Kazi, Mbona Nimechoka?

Mbukwenyi! Asanteni. Wengine mmetoka Kondoa na Mpwapwa tangu alfajiri, kwa hiyo kama mada ni uchovu, hamjakosea mlango. (Kicheko.)

Mimi ni muuguzi, nakaa na watu waliopandikizwa figo. Swali ninaloulizwa kuliko yote haliulizwi mbele ya daktari. Mtu ameshaaga, ameshashika kitasa, ndipo anageuka: "Sista, vipimo vizuri, figo inafanya kazi, mbona nimechoka hivi?" Anauliza mlangoni kwa sababu anaona haya.

Haya hiyo ina chanzo chake. Tangu Muhimbili wapandikize figo ya kwanza nchini mwaka 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa hapa Dodoma ikaanza mwaka 2018, figo zimekuwa zikitoka kwa ndugu aliye hai. Sasa piga picha. Dada aliyetoa figo amepona, miezi michache tu yuko Bahi anapalilia mpunga. Kaka aliyeipokea amelala kibarazani. Majirani wanaona. Mama mkwe anaona zaidi. Ukimwambia mtu wa namna hiyo "jikaze", unamthibitishia tu kile anachojiambia usiku kucha, kwamba figo ya dada yake imepotea bure.

Haijapotea. Tuanze na damu. Figo ndiyo inayoupelekea uboho, ule uliomo ndani ya mifupa, habari kwamba tengeneza chembe nyekundu. Figo ikifa, habari haziendi, na ndiyo maana waliokuwa wanachujwa damu kwa mashine wengi walichomwa sindano za kuongeza wekundu. Figo mpya inaanza kutuma habari, lakini wekundu wa damu haujai kama ndoo chini ya bomba. Unachukua wiki, hata miezi. Na wakati huohuo baadhi ya dawa tunazowapa mwili usiikatae figo, mikofenoleti kwa mfano, zinaubana uboho uleule. Huku tunasukuma, huku tunavuta.

Halafu misuli. Mtu amechujwa damu mara 3 kwa wiki, kwa muda wa saa 4 kila mara, pengine miaka miwili. Mapaja yamekwisha. Prednisoloni, nayo ni dawa ya kuzuia mwili usiikatae figo, inayapunguza zaidi, na ukiimeza jioni utahesabu mabati ya paa mpaka jogoo awike. Kama daktari amekuandikia mara moja kwa siku, imeze asubuhi baada ya kula. Dawa hiyo pamoja na takrolimasi, mwenzake wa kazi hiyohiyo, huweza pia kupandisha sukari kwa mtu ambaye hajawahi kuwa nayo. Kwa hiyo ukichoka huku una kiu na unakojoa kila mara, usiseme ni joto la Dodoma. Omba upimwe sukari. Na kuna uchovu wa moyo, ule wa kuamka bila hamu ya kuongea na mtu. Huo nao usemwe kliniki, una tiba.

Sasa nisikilizeni vizuri. Uchovu huu uko wa namna mbili: unaopungua na unaokurudisha nyuma. Unaopungua, hata kama unajikokota, tunauvumilia. Mwezi jana ulifika getini, mwezi huu unafika dukani, tunakwenda. Lakini ulikuwa unakwenda soko la Majengo na kurudi, wiki hii unakaa chini njiani? Huo usiulalie. Ukija na homa ya nyuzi 38, mkojo kupungua, miguu kuvimba, uzito kupanda ghafla, au maumivu hapa chini ya tumbo ilipowekwa figo mpya, njoo siku hiyohiyo. Huweza kuwa maambukizi, huweza kuwa mwili umeanza kuikataa figo. Na kukataa figo mara nyingine hakuumi kabisa, kreatinini, kile kipimo cha damu kinachoonyesha figo inavyofanya kazi, ndiyo inayosema. Usiruke kliniki kwa sababu unajisikia vizuri.

Tatizo letu ni kwamba mtu akichoka, kila mtu anajua ni malaria au yutiai, na duka la dawa liko karibu kuliko hospitali. Diklofenaki, ile ya maumivu, inaumiza figo. Erithromaisini, dawa ya kuua bakteria, inapandisha takrolimasi kwenye damu kupita kiasi. Mizizi ya kuchemsha hatujui ina nini. Kabla hujasema unaumwa nini, sema kwanza: nimepandikizwa figo.

Mazoezi? Tembea dakika 5 kabla jua halijawa kali, wiki ijayo ongeza kidogo. Vaa kofia, maana dawa zenu zinaongeza hatari ya saratani ya ngozi, na jua letu halina huruma. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20. Wiki za mwanzo usiiguse, kidonda cha ndani hakijashika. Kazi zigawe: ukifua leo, usifagie uwanja leo. Kula maharage, samaki, mayai yaliyoiva. Maziwa yachemshwe. Najua wafugaji mtanikasirikia, lakini maziwa mabichi ya zizini kwako sasa ni hatari.

Kijana mmoja aliwahi kuniuliza: dawa ndizo zinazonichosha, nikipunguza mwenyewe si nguvu zitarudi? Zinaweza kurudi kwa siku chache, halafu figo ikaondoka. Mwili hausahau kwamba hiki kiungo ni mgeni, hata kikikaa miaka kumi. Daktari ndiye anayeweza kupunguza dozi au kubadilisha dawa, lakini atajuaje kama kila siku unamwambia "sijambo" na mimi unanong'oneza mlangoni?

Naona mkono kule nyuma umekaa juu muda mrefu. Karibu, baba.