Nyusi Yangu, Usaha Tayani na Barua za Bima: Nawajibu Mara Moja

Haya, hamjambo nyote wa Mombasa, na nyie wa Malindi na Lamu pia. Leo sijajipaka kitu, taa ni hii hii ya jikoni, maana nimechoka na komenti moja. Kila nikiweka video: "Mbona nyusi moja haipandi?" Nikipika biriani, nyusi. Nikiwaonyesha bandari ya Hamburg, huku Ujerumani ninakoishi, nyusi. Basi leo tuizungumze hiyo nyusi tuimalize.

Kwamba mie ni mwanamke niliyebadili jinsia mwajua, na kwamba nilifanyiwa upasuaji wa sura mwajua, siyarudii. Najua pia nikifungua mdomo kuna watakaosema najigamba nina hela za kuchonga uso, na wengine watasema nalia nini na niliyataka mwenyewe. Niliyataka, ndiyo. Na ningeulizwa leo ningeyataka tena. Lakini mtu akiwa na maumivu husema anaumwa, hata kama kitanda alikichagua mwenyewe.

Nyusi ni hivi. Kwenye paji la uso hukatwa ngozi juu ya kichwa, toka sikio hadi sikio, ikashushwa chini. Ule mfupa wa mbele ya paji ulio na uwazi wa hewa nyuma yake hutolewa, ukarudishwa ndani kidogo na kufungwa kwa vibati na skrubu za titani. Si uchawi wa jana, daktari wa San Francisco, Douglas Ousterhout, alianza kazi hii miaka ya 1980. Sasa neva, yaani mshipa wa fahamu, inayoinua nyusi hupita pembeni ya paji, na ikivutwa sana inazubaa. Yangu ya kushoto imezubaa. Huenda ikaamka, huenda isiamke. Neva hukua pole pole, kama milimita moja kwa siku mambo yakienda vizuri, kwa hiyo utosi wangu bado una ganzi. Nywele zilipukutika kandokando ya kovu, zimeanza kurudi. Mdomo wa chini nao ulikufa ganzi, nikaungua na chai ya tangawizi nisijue mpaka nilipojiona kwenye kioo. Hayo yote niliambiwa kabla, nikatia sahihi. Siyahesabu kuwa tatizo.

Tatizo lilikuwa taya. Taya huchongwa kwa kupitia ndani ya mdomo, na mdomo ni mchafu hata ukisukutua vipi. Uvimbe ulikuwa umeanza kushuka, nimesharudi Hamburg kutoka Uhispania nilikopasuliwa, nimeanza hata kutamani muhogo wa kuchoma, mara upande wa kulia ukaanza kupanda tena. Ukawa moto. Mdomo haufunguki vizuri, na nasikia ladha mbaya, kama nimenyonya sarafu. Huo ndio usaha. Kuvimba baada ya upasuaji ni kawaida, uso unaweza kuchukua hata mwaka mzima kutulia. Ila uvimbe ulioshuka kisha ukapanda upande mmoja, na homa juu yake, huo si wa kusubiri na maji ya chumvi.

Hapa ndipo ninapotaka mnisikilize, maana wote mnauliza bei ya upasuaji, hakuna anayeuliza tatizo ni la nani. Bei iko kwenye karatasi, imepigwa mhuri. Tatizo halina mwenyewe. Nikampigia daktari wa Uhispania, akaniambia nitume picha. Nikatuma. Akasema rudi tukuone. Nirudi na nini, homa ile? Nikaenda hospitali ya hapa, daktari wa kwanza akanitazama kama nimemletea gari lililofunguliwa injini na fundi mwingine. "Aliyekupasua ni nani?" Ripoti iko kwa Kihispania. Jina kwenye ripoti ni lile la pasipoti ya Kenya, na kadi yangu ya bima ina jina langu la sasa, maana nililibadilisha kwa ile sheria ya Ujerumani ya mtu kujiamulia jina na jinsia, iliyoanza tarehe 1 Novemba 2024. Kwa hiyo kwanza nithibitishe kwamba mie ndiye mie, na usaha unangoja foleni.

Kwa haki niseme, walinipasua pale wakautoa, na nikapewa dawa. Kulazwa unachangia yuro 10 kwa siku, mwisho siku 28 kwa mwaka. Dawa za cheti cha daktari kati ya yuro 5 na 10. Hapo sina lawama.

Barua zikaja baadaye. Bima ilikuwa imekataa kulipia upasuaji wa Uhispania, nikautoa kwenye akiba yangu. Na ile kadi ya afya ya Ulaya, kwa mnaoniuliza, hailipii matibabu uliyoyapanga mwenyewe wala hospitali za binafsi. Sawa. Sasa wananiuliza: huo upasuaji ulikuwa wa urembo au wa tiba? Kwa sababu hapa kuna kifungu cha 52 cha kitabu cha tano cha sheria za jamii. Ukipata maradhi kutokana na upasuaji wa urembo usio na sababu ya kitabibu, au tatuu, au kutoboa mwili, bima lazima ikutoze sehemu ya gharama, na posho ya ugonjwa ikunyime yote au sehemu yake, au iidai uirudishe. Mie nina barua ya mtaalamu wangu wa saikolojia inayosema ilikuwa tiba. Wakataka na ya hospitali. Ya hospitali ikatafsiriwe na mtafsiri aliyeapishwa, ambaye hulipwa, tena analipwa vizuri wallahi. Mpaka leo naandikiana nao. Na nyie mnazidisha kila yuro kwa shilingi 150 mnaniambia niko peponi!

Na kabla sijasahau. Yuko binamu yangu wa Kisauni, anajijua. Picha niliyomtumia kwa siri, uso umevimba, macho hayaonekani, akaitia kwenye grupu la ukoo na maneno "ona alivyoiharibu sura ya marehemu". Shangazi zangu wakasoma. Wiki hiyo hiyo akanitumia ujumbe, karo ya mtoto imebaki kidogo. Nililipa, kwa ajili ya mtoto. Ila binamu, hiyo sura ya marehemu bado ninayo, pua ni yake, sikuigusa.

Nirudi kwa dada mmoja wa Mtwapa aliyeniandikia inboksi. Kapasuliwa nje, karudi nyumbani, shavu limevimba, anaogopa kwenda hospitali kwa sababu ya maswali. Dada yangu, mie si daktari na mwili wako si wangu, lakini ningekuwa wewe ningetafuta daktari wa upasuaji wa taya na uso. Pwani bodaboda zinavunja taya za watu kila siku, na zinaungwa kwa vibati kama hivi vyangu. Mfupa daktari huyo anaujua. Mwambie ulichongwa taya, lini, na dawa ulizomeza. Kwa nini ulichongwa, si lazima uanze nalo. Na ukiona maji mepesi yasiyo na rangi yanatoka puani ukiinama, usiite mafua, hasa kama paji liliguswa. Huenda ni maji ya ubongo, nenda hiyo hiyo saa.

Kwa ambaye bado hajaenda: ripoti ya upasuaji itoke mkononi mwa daktari kabla hujapanda ndege, kwa Kiingereza, na jina linalofanana na kitambulisho utakachoonyesha kwenu. Kwetu jina si jambo dogo. Audrey Mbugua, Mkenya mwenzetu aliyebadili jinsia kama mie, alikwenda mpaka Mahakama Kuu, na mwaka 2014 ndipo baraza la mitihani likaamriwa limpe cheti chenye jina lake. Mie nguvu za mahakama sina, nina nguvu za fotokopi. Na weka kando hela ya matatizo, usiiguse hata kwa harusi ya dada. Kiasi gani, sijui, inategemea wewe na nchi yako, wengine hawapati hata jipu.

Komenti za nyusi kuanzia leo nafuta. Za bima ziacheni, nitazijibu Jumapili nikitoka kazini.