Mzega wa Mafuta: Kuirekebisha 747 ya Kwenye Kompyuta

REHEMA: Karibuni tena wasikilizaji wetu. Mimi ni Rehema, na mwenzangu Hamisi yupo, ingawa macho yanaonyesha hajalala. Kaka Hamisi, pole na kazi.

HAMISI: Nimeshapoa, dada. Nililala saa tisa usiku, lakini nimelala nimeridhika.

REHEMA: Wiki tatu sasa anahangaika na Boeing 747-100 ya kwenye simuleta, programu ya kompyuta ya kuigiza urushaji wa ndege. Kwa anayetusikiliza leo kwa mara ya kwanza, hatuzungumzii picha. Picha ilishapendeza zamani. Tunazungumzia tabia: ukigeuza usukani, ndege iitikie kama kitu cha karibu tani 300, isiitikie kama bajaji.

HAMISI: Na tabia hiyo haichorwi, inahesabiwa. Natumia JSBSim, programu ya hesabu inayofanya kazi ndani ya FlightGear, ndiyo simuleta yenyewe. Unaiandikia faili la XML: uzito wa ndege, mahali matangi yalipo, majedwali ya nguvu za hewa. Kazi yako ni kuipa namba za kweli, basi.

REHEMA: Namba za Boeing hazigawiwi kama njugu. Umezipata wapi?

HAMISI: Kwa 747 tuna bahati. Iliruka mara ya kwanza Februari 1969, na mwaka 1972 NASA wakatoa ripoti ya Heffley na Jewell yenye takwimu za ndege kadhaa, hiyo ikiwemo. Uzito pauni 636,636, takriban tani 289. Halafu kuna inesha, yaani ukaidi wa ndege kuanza kuzunguka. Ya kubiringika kushoto na kulia ni milioni 18.2, kwa vipimo vya Kimarekani vya slagi na futi. Ya kuinua na kushusha pua ni milioni 33.1. Ya kugeuza pua pembeni ni milioni 49.7. Nilizinakili zote tatu, nikazibandika kwenye faili, nikarusha ndege.

REHEMA: Ikawaje?

HAMISI: Ikawa nzito kupita kiasi. Nageuza usukani, naona kama inafikiria kwanza. Nikasema, aileroni, vile vibapa vya nyuma ya mabawa vinavyoibiringisha ndege, hazina nguvu. Nikaziongeza asilimia 20, kisha 40, mpaka muda wa ndege kuinamia upande kwa nyuzi 30 ukafanana na nilioutaka.

REHEMA: Nikaifanyia majaribio mimi. Kupaa, sawa. Saa sita baadaye nakuja kutua, matangi yamebaki na mafuta kidogo, nikigusa usukani tu bawa linaanguka. Nikakupigia simu nikiwa bado angani.

HAMISI: Ulinipigia, na nikakujibu vibaya. Nilikwambia upunguze hisia za joistiki yako. Samahani kwa hilo, kosa lilikuwa kwangu.

REHEMA: Yamekwisha. Waeleze ulivyolifikia, maana hapa ndipo pana somo.

HAMISI: Nilikaa na saa. Usukani nageuza wote kwa mkupuo, halafu napima vitu viwili tofauti: ndege inaanzaje, na ikishakolea inabiringika kwa kasi gani. Mwanzo ni wa inesha. Ikishakolea, inesha haina tena usemi. Linabaki shindano la aileroni na hewa inayoyapinga mabawa. Ndege yangu ilianza kwa uvivu, kisha ikabiringika kwa kasi isiyokuwa na sababu. Aileroni dhaifu haziwezi kufanya hivyo. Kwa hiyo ugonjwa ulikuwa kwenye inesha, na mimi nilikuwa natibu kiungo kingine.

REHEMA: Na inesha umeinakili vilevile kutoka NASA!

HAMISI: Vilevile. Nikarudi kusoma maelezo ya JSBSim, taratibu safari hii. Ile sehemu ya kuandika inesha inataka ya ndege *tupu*. Mafuta inayajumlisha yenyewe, kwa kuangalia kila tangi liko wapi na lina kiasi gani. Namba za NASA ni za ndege ya tani 289, yenye mafuta ndani. Mafuta yangu yalihesabiwa mara mbili.

REHEMA: Na mafuta ya 747 mengi yako mabawani.

HAMISI: Ndiyo shida yenyewe. Mfikirie mtu mwenye mzega, ndoo mbili za maji, moja kila upande. Mwambie ageuke ghafla. Uzito uleule akiukumbatia kifuani atageuka upesi, lakini ukiwa kwenye ncha za mti, utamvuta. Kila umbali kutoka katikati ukizidi mara mbili, ukaidi unazidi mara nne. Tani za mafuta zilizo mbali bawani ni mzega huo.

REHEMA: Sasa nimeelewa kwa nini ilinisumbua wakati wa kutua. Ndoo zilikuwa zimemwagwa, ila zile aileroni ulizozitia nguvu zimebaki palepale.

HAMISI: Hasa. Nikatoa mchango wa mafuta kwenye namba ya NASA, nikarudisha aileroni kwenye thamani yake ya ripoti. Sikugusa kingine. Ikatulia, matangi yakiwa yamejaa na yakiwa karibu matupu.

REHEMA: Na ule mwendo wa kupanda na kushuka kama mawimbi?

HAMISI: Fugoidi. Ndege ikiwa imetulia futi 40,000, Mach 0.8, yaani asilimia 80 ya kasi ya sauti, vuta pua kidogo, achia. Hesabu za vitabuni kwa 747 zinatoa wimbi moja kwa sekunde 93 hivi, na wimbi linapungua nusu kwa kama dakika tatu na nusu. Langu lilikuwa na urefu sahihi, ila halikupungua. Vijana wengi hapa wanaongeza nguvu ya mkia kutuliza pua. Wasifanye. Kinacholizima wimbi lile ni ukinzani wa hewa, na wangu ulikuwa mdogo mno. Nilipourekebisha, hata kasi ya kushuka injini zikiwa zimezimika ikakaa vizuri. Kabla ya hapo ilikuwa inateleza angani, haitaki kushuka.

REHEMA: Injini zenyewe?

HAMISI: Zinachelewa kuitikia, kama inavyotakiwa. Bado sijaridhika na jedwali la msukumo, na ndiyo maana nataka uende Nairobi.

REHEMA: Embakasi.

HAMISI: Uwanja uko mita 1,624 juu ya bahari. 747 za mizigo zimebeba maua pale kwenda Ulaya miaka na miaka, kwa hiyo si jaribio la kubuni. Weka nyuzijoto 25. Hewa itakuwa nyepesi kwa karibu asilimia 20 kuliko hewa ya kipimo cha usawa wa bahari. Kipima kasi kitakuonyesha namba ileile ya kuinulia pua, lakini magurudumu yatakuwa yanakimbia zaidi kwa kama asilimia 12. Ikinyanyuka mapema kama ya Dar, ujue injini zangu hazijui kwamba ziko mlimani.

REHEMA: Nipakie tani ngapi?

HAMISI: Anza na zile 289. Na mafuta ujaze kwenye matangi, usiandike kwenye uzito wa ndege.

REHEMA: Nimekusikia. Nitumie faili leo jioni, nitaruka kesho asubuhi, nitapima njia ya kurukia kwa mita. Wasikilizaji, matokeo tutayaleta kipindi kijacho.